Mtindi ni mzuri, lakini usiache dawa ya mzio wa pua

Majira ya vumbi yanapofika Handeni na Korogwe, swali moja hunijia mara nyingi kuliko mengine. Mzazi anaeleza kuwa mtoto akiamka asubuhi hupiga chafya mfululizo, pua inachuruzika, macho yanamwasha, na usiku analala kinywa wazi kwa sababu pua zimeziba. Kisha anauliza: "Daktari, nimesikia kuna bakteria wazuri wanaoponya mzio. Nimpe hao, niachane na hizi dawa za kila siku?"

Swali hilo lina sehemu mbili na majibu yake hayafanani. Je, bakteria hao, ambao kitaalamu huitwa probayotiki, wanaweza kumsaidia mwenye mzio wa pua? Kwa baadhi ya watu, na kwa kiasi kidogo, ndiyo. Je, wanaweza kuchukua nafasi ya dawa? Hapana. Nimeamua kuandika juu ya jambo hili wiki hii kwa sababu wengi hulishika jibu la kwanza na kulisahau la pili, na anayeumia ni mtoto.

Mzio wa pua ni nini?

Mzio ni hali ya kinga ya mwili kumwona rafiki kama adui. Chavua ya nyasi, kinyesi cha mende, manyoya ya paka au ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu havimsumbui kila mtu. Kwa mwenye mzio, mwili umekwisha kujiandaa kupambana navyo. Vikiingia puani tu, seli za kinga humwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo ndipo mwasho, chafya na makamasi mepesi kama maji vinapoanza.

Kisababishi kimoja hakionekani kwa macho. Ni wadudu wadogo sana wanaoishi ndani ya magodoro, mito na mapazia. Hupenda joto na unyevu, na maeneo ya bonde la Mto Pangani yana vyote viwili. Ndiyo maana kuna watu wanaopiga chafya kitandani alfajiri, kabla hata hawajatoka nje kukutana na vumbi.

Mafua ya kawaida ya virusi huja mara nyingi na homa au koo kuuma, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio hauleti homa. Unawasha, unadumu kwa wiki nyingi, na unarudi kila mhusika anapokutana na kitu kilekile.

Tusisahau pia kuwa si kila pua inayosumbuliwa na vumbi ina mzio. Katika mashamba ya katani ya Korogwe, mfanyakazi wa chumba cha brashi, ambako singa zilizokauka huchanwa, huvuta vumbi jingi. Tafiti zilizofanywa kwa wafanyakazi wa katani hapa Tanzania zimeonyesha kuwa kazi hiyo huambatana na matatizo ya njia ya hewa. Wengine wana mzio kweli, wengine njia zao za hewa zimekereketwa tu na vumbi. Mama anayepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha anaweza kuwa na tatizo hilo la pili. Kwa watu hawa, hakuna bakteria wala kidonge kitakachofanya kazi kuliko kupunguza vumbi na moshi wenyewe.

Kwa nini nalichukulia hili kwa uzito, wakati wengi husema "ni mafua tu"? Kwanza, mtoto asiyelala vizuri hawezi kusoma vizuri. Pili, pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Watu wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia, na pua isipotibiwa, pumu huwa ngumu kudhibiti. Mzazi anayeacha dawa ya pua mara nyingi haoni hasara siku ile. Huiona miezi kadhaa baadaye, mtoto akikohoa usiku na kifua kikitoa mlio.

Probayotiki zimepimwa vipi?

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, walikubaliana kuwa probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Maneno ya kuzingatia ni mawili: "hai" na "kiasi cha kutosha". Nitayarudia.

Wazo lenyewe lina mantiki. Sehemu kubwa ya seli za kinga ziko kwenye utumbo, na bakteria wanaoishi humo huzungumza nazo kwa njia ya kemikali muda wote. Watafiti walijiuliza kama bakteria fulani wanaweza kuituliza kinga ili isipige kelele kwa kila chembe ya chavua.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 23 zilizokuwa zimefanywa, zenye jumla ya wagonjwa 1,919 wenye mzio wa pua. Tafiti 17 kati ya hizo zilionyesha faida angalau kwa kipimo kimoja, na 6 hazikuonyesha faida yoyote. Kwa ujumla maisha ya kila siku ya wagonjwa yalikuwa nafuu kiasi. Lakini tafiti hizo zilitumia aina tofauti za bakteria, vipimo tofauti na muda tofauti, kiasi kwamba haikuwezekana kusema kwa uhakika ni aina ipi mtu anunue.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Florida kilichapisha matokeo ya watu 173 waliotumia mchanganyiko wa bakteria wa aina tatu kwa wiki nane katika msimu wa chavua. Waliopewa bakteria walisema maisha yao yalikuwa afadhali kuliko waliopewa kidonge cha kufananishia kisicho na bakteria. Hata hivyo, watu wenye mzio mkali hawakuingizwa katika utafiti huo. Anayekuuzia vidonge hatakusomea sentensi hiyo.

Utafiti ninaopenda wazazi waujue zaidi ulifanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2014. Watu 425 wenye mzio wa chavua ya nyasi walihusika. Kwa wiki tano, wote walitumia loratadini, dawa ya mzio ya kawaida kabisa. Nusu yao waliongezewa bakteria, nusu nyingine wakaongezewa dawa ya kufananishia. Walioongezewa bakteria waliripoti nafuu zaidi katika shughuli zao za kila siku, ingawa alama za dalili za pua zenyewe hazikutofautiana vya kutosha.

Angalia walichofanya watafiti hao. Hawakumnyang'anya mgonjwa yeyote dawa yake. Waliuliza kama bakteria wanaongeza kitu juu ya dawa. Basi mtu akikuambia utafiti umethibitisha kuwa unaweza kuacha dawa, ujue anakusimulia jambo ambalo utafiti huo haukulipima.

Mtindi wetu na togwa yetu

Kuna mabibi watakaosema hapa kwamba sisi hatuhitaji vidonge, tunao mtindi na tunayo togwa. Nawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Vyakula vilivyochachushwa ni urithi mzuri, na vina ushahidi wake hapahapa nchini. Mwaka 1994 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake Ulf Svanberg walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji wa nafaka uliochachushwa walipata kuhara mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida.

Majirani zetu wa Uganda nao wamefanya kazi nzuri. Kusini-magharibi mwa nchi hiyo, vikundi vidogo vya wasindikaji hutumia pakiti za bakteria zenye bei nafuu kutengeneza mtindi kutokana na maziwa yaliyochemshwa, na watoto wa shule hugawiwa. Watafiti waliowafuatilia watoto wa shule za awali waliona waliokunywa mtindi huo walipata mafua ya kuambukiza na maambukizi ya ngozi kwa uchache kuliko waliokunywa maziwa ya kawaida.

Lakini tusome tulichopewa. Utafiti wa togwa ulihusu kuhara. Ule wa Uganda ulihusu maambukizi. Hakuna hata mmoja uliohusu mzio wa pua. Bakteria anayesaidia tumbo si lazima asaidie pua, kama vile dawa ya malaria isivyotibu minyoo ingawa zote zinatoka duka moja.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu mtindi ni rahisi. Mpe mtoto aliyezidi mwaka mmoja, kama hana mzio wa maziwa na tumbo lake halisumbuki. Mpe kwa sababu ni chakula bora chenye protini na madini ya kalsiamu. Pua ikipata nafuu kidogo, shukuru. Isipopata, bado amekula vizuri.

Onyo kuhusu maziwa mabichi

Kuna taarifa inayopita kwa maneno kwamba maziwa mabichi ndiyo yenye nguvu, na kwamba kuyachemsha ni kuua uzuri wake. Chanzo chake kina ukweli ndani yake: tafiti za Ulaya ziliona watoto waliokulia kwenye mashamba ya mifugo na kunywa maziwa mabichi walikuwa na mzio kwa uchache. Hata hivyo, watafiti hao hawakuwashauri wazazi wawape watoto maziwa mabichi, kwa sababu ya hatari ya magonjwa.

Handeni ni wilaya ya wafugaji, na hatari hiyo inatuhusu moja kwa moja. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela, ugonjwa unaoleta homa za vipindi, maumivu ya viungo na uchovu wa muda mrefu. Yanaweza pia kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Wala kugandisha maziwa hakutoshi kuviua vimelea hivyo. Utaratibu salama ni huu: chemsha maziwa hadi yachemke sawasawa, yaache yapoe hadi yabaki vuguvugu, kisha weka kijiko cha mtindi mzuri kama mbegu, funika na uache yagande. Bakteria wazuri utawapata kwenye mbegu. Usibadilishe pua inayochuruzika kwa homa ya brusela.

Dawa zinazobaki kuwa msingi

Tiba ya mzio wa pua huanzia nyumbani. Tambua kinachomsumbua mgonjwa na ukipunguze. Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto. Anika godoro na mito kwenye jua kali. Deki sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi likaruka. Mtoto mwenye mzio asikae karibu wakati wa kupukuchua au kupepeta mahindi. Anayefanya kazi kwenye vumbi la katani au mashine ya kusaga avae barakoa inayobana vizuri usoni, na mwajiri ana wajibu wa kuitoa.

Pili, kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja ya mililita 250. Mtu mzima anaweza kusukutua pua nayo, mtoto mdogo adondoshewe matone machache. Usitumie maji ya bomba au kisima ambayo hayajachemshwa.

Tatu, dawa za kuzuia histamini. Setirizini na loratadini hupatikana kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu, na hazileti usingizi mwingi. Zile za zamani, kama Piriton, humfanya mtoto asinzie darasani na ni hatari kwa dereva wa bodaboda au mtu anayeendesha mashine.

Nne, kwa mwenye dalili za mara kwa mara au kali, dawa ya steroidi ya kupuliza puani ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wazazi wengi huliogopa neno steroidi. Kiasi kinachopulizwa puani ni kidogo sana na kinachofika kwenye damu ni kidogo zaidi, ingawa mtoto anayeitumia kwa muda mrefu afuatiliwe kliniki. Haifanyi kazi papo hapo. Inahitaji kutumiwa kila siku, na nafuu kamili inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Anayeitumia siku mbili na kuitupa akisema haifai hajaipa nafasi. Elekeza mdomo wa chupa upande wa nje wa pua, kuelekea sikioni, usiulenge ukuta wa katikati, maana ndipo pua hutoka damu.

Jihadhari na matone ya kuzibua pua yanayofanya kazi kwa dakika chache tu baada ya kuyaweka. Yakitumiwa zaidi ya siku tano, pua huziba upya kwa nguvu zaidi, na mtu hujikuta hawezi kuishi bila hayo.

Ukitaka kujaribu probayotiki

Sikatazi mtu kujaribu. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, lakini hapa unaweza kushika mbili, mradi ujue ipi ni mkongojo na ipi ni mguu. Kama una uwezo na umeamua, zingatia mambo haya.

Usiache dawa iliyoandikwa, hasa dawa ya pumu ya kuvuta. Mweleze daktari unachotumia.

Soma kifungashio. Kinatakiwa kitaje jina kamili la bakteria, idadi yao na tarehe ya mwisho ya kutumika. Kikisema tu "bakteria wazuri" au "huongeza kinga", kirudishe kwenye rafu.

Uliza kilivyohifadhiwa. Nilisema neno "hai" litarudi. Aina nyingi za bakteria hawa hufa kwenye joto. Kopo lililokaa wiki kadhaa kwenye duka la bati, au lililosafiri kwenye buti la basi mchana wa Januari hadi Korogwe, linaweza kuwa na bakteria waliokwisha kufa.

Jiwekee muda. Tafiti nyingi zilichukua wiki kadhaa. Ukifikisha wiki nane huku ukitumia na dawa yako, na huoni tofauti yoyote, acha kununua.

Wapo ambao hawapaswi kujaribu bila idhini ya daktari: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mgonjwa wa saratani aliye kwenye matibabu, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka sana. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu watoto njiti baada ya mmoja aliyepewa probayotiki kufariki kwa maambukizi ya bakteria hao hao.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kusubiri ikiwa anakohoa usiku au kifua kinatoa mlio, anakoroma na kuonekana kama pumzi inakatika usingizini, au makamasi yanatoka upande mmoja tu yakiwa na harufu mbaya. Huyo wa mwisho mara nyingi ameingiza punje ya mahindi, maharage au shanga puani. Mtu mzima mwenye pua iliyoziba upande mmoja na kutoa damu naye asikae nyumbani.

Rai yangu

Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina loratadini, na ina budesonidi ya kupuliza puani. Haina probayotiki ya mzio wa pua. Orodha hiyo hutengenezwa kwa kuangalia kinachofanya kazi, kwa usalama na kwa gharama inayokubalika. Kwa hiyo mjadala wetu Handeni na Korogwe usiwe juu ya kopo gani la bakteria ni zuri zaidi. Uwe juu ya kwa nini mzazi wa kijijini aikose dawa ya kupuliza puani katika kituo chake cha afya, huku vidonge vya gharama kubwa vikimfuata hadi mlangoni.

Naziomba halmashauri na timu za afya za wilaya ziweke dawa hizi katika maagizo yao, na wahudumu wafundishwe kuitambua pua ya mzio badala ya kuandika antibayotiki kwa kila kamasi. Antibayotiki haitibu mzio, na inaua pia wale bakteria wazuri ambao mzazi huyo huyo anataka kuwanunua.

Nawe mzazi, mtindi uendelee kuwepo mezani kwako, kutoka maziwa yaliyochemshwa. Dawa ya mtoto nayo iendelee kuwepo mahali pake, itumike kila siku kama ilivyoandikwa. Fedha uliyotaka kununulia kopo, kama haitoshi kwa vyote viwili, inunulie dawa kwanza. Ikibaki, nunua foronya mpya.